Maumivu mapya ya kichwa kwa mzee, TDR (kipimo cha haraka) ya malaria safi, tansiyo (presha) si mbaya: lini tufikirie ugonjwa wa Horton?

Muuguzi wa Kadutu (Bukavu)

Salamu waganga wote. Swali ni kwa wanaopokea wazee kabla hawajafika hospitali kubwa.

Mtu wa miaka 65 au 70 anakuja na kichwa ambacho hakuwa nacho zamani. Kimeanza ghafla, ni siku tatu au wiki moja, kiko upande mmoja hapa kwenye panja, kati ya jicho na sikio, na usiku hakimwachi alale. TDR hakuna kitu. Tansiyo 145/85. Joto 37.8. Parasetamoli gramu moja mara tatu kwa siku haisaidii. Mara nyingi kwenye fishi (kadi ya mgonjwa) panaandikwa "tansiyo" au "malaria iliyojificha", mgonjwa anapewa dawa na kurudi nyumbani.

Shuleni tulifundishwa maladi ya Horton, mishipa ya damu ya kichwa kuvimba kwa ndani, lakini mwalimu alimaliza kwa kusema ni ya Wazungu. Naomba kujua ni maswali gani ya kumwuliza mzee, VS (kasi ya chembe za damu kuzama ndani ya bomba, inayopanda penye uvimbe mwilini) inasaidia kiasi gani, na kama mgonjwa hawezi kufika kwa daktari leo, tumpe nini na kwa kipimo gani. Kabati yetu ina prednisoloni ya miligramu 5 na deksamethasoni ya sindano. Labo inafanya VS, hemoglobini, glisemi (sukari ya damu), TDR, basi.

Daktari wa magonjwa ya ndani (Goma)

Tuanze na hilo neno "ghafla". Kichwa kinachofika kilele ndani ya dakika moja, kama mtu amepigwa rungu, usikiite Horton. Hicho ni damu iliyovuja kuzunguka ubongo mpaka ionekane vingine, na mgonjwa anapelekwa saa hiyohiyo, bila kortizoni (dawa za jamii ya prednisoloni) na bila aspirini. Horton inaanza kwa siku, wakati mwingine kwa wiki. Mgonjwa anasema "ghafla" kwa sababu anakumbuka tarehe ambayo kichwa hakikuwepo. Shingo ikiwa ngumu pamoja na homa, fikiria homa ya uti wa mgongo. Mwenye VVU, fikiria fangasi ya kriptokoka. Jicho jekundu, gumu, lenye maumivu na kutapika ni glokoma (presha ya jicho) kali. Na inua nywele utafute malengelenge, maana zona (mkanda wa jeshi) ya kichwa inaweza kuuma siku kadhaa kabla vipele havijatoka.

Sasa ugonjwa wenyewe. Kinga ya mwili inashambulia ukuta wa ateri kubwa na za kati, hasa matawi yanayokwenda panja, taya na jicho. Ukuta unavimba, tundu la ndani linabanwa, damu inapita kwa shida. Kwa hiyo shida si maumivu tu: ni njaa ya damu kwenye misuli na kwenye mshipa wa fahamu wa jicho. Chini ya miaka 50 karibu haupatikani; unaongezeka sana kati ya 70 na 80, na wanawake wanapatwa mara mbili au tatu zaidi ya wanaume.

Swali linalolipa kuliko yote ni la taya, na hapa kwetu linaulizwa vibaya. Ukimwuliza mama "unapokula unaumia?" atajibu hapana, kwa sababu anakula bugali na sombe, na bugali hautafunwi. Mwulize juu ya nyama ya mbuzi au muhindi wa kuchoma: je, baada ya kutafuna dakika mbili tatu taya linachoka na kuuma mpaka aache, kisha akipumzika linatulia? Hilo ni la ateri. Jino bovu linauma tangu tonge la kwanza, na kiungo cha taya kinalia "tak" mdomo ukifunguka. Wengine ni ulimi unaochoka wakati wa kuzungumza.

Halafu ngozi ya kichwa. Kuchana nywele kunauma? Kufunga kitambaa? Kulalia upande huo kwenye mto? Na mabega: mikono inakuwa mizito asubuhi, hawezi kuinua kufunga kitambaa, kuinuka kwenye kiti kifupi ni kazi, na ugumu huo unapita dakika 45. Karibu nusu ya wenye Horton wana huo ugumu wa mabega na nyonga. Ongeza kukonda, uchovu, na homa ndogo isiyo na jina.

Jicho uliza mwenyewe, usisubiri waseme. Pazia linashuka jicho moja kwa dakika chache kisha linaondoka? Anaona vitu viwiliviwili? Akisema ndiyo, umeishiwa muda. Jicho likizimika kwa ugonjwa huu, kwa kawaida halirudi, na lile la pili linaweza kufuata ndani ya siku chache au wiki moja mbili kama hakuna dawa.

Kwa vidole: papasa ateri za panja zote mbili kwa wakati mmoja. Unatafuta kamba ngumu, yenye vinundu, inayouma, ambayo mpigo wake umepungua au haupo. Ateri nene inayoonekana kwa mzee mkonde lakini ni laini na inapiga vizuri, hiyo ni uzee tu. Pima tansiyo mikono yote miwili. Tofauti ikipita milimita 10, iandike, kwa sababu ugonjwa unaweza kuwa umefika ateri za kwapa.

Labo ya Kamalondo (Lubumbashi)

Juu ya VS niseme wazi: VS nyingi zinazoandikwa kwenye fishi hazina thamani, na mtu atakuja kupoteza jicho kwa namba ya uongo.

Njia ya Westergren ya kupima VS inataka damu vipimo vinne kwa sitrati (dawa ya kuzuia damu isigande) ya 3.8% kipimo kimoja: mililita 1.6 ya damu, 0.4 ya sitrati, kifuniko cheusi. Tyubu ya bluu ni ya vipimo vya kuganda kwa damu, uwiano wake ni tisa kwa moja, usiitumie. Geuza polepole mara nane hadi kumi, usitikise. Damu ipimwe ndani ya saa mbili, nne ikizidi sana. Damu iliyolala inatoa namba ya chini. Bomba la milimita 200 lisimame wima kabisa. Likiinama nyuzi tatu tu, namba inaweza kupanda kwa asilimia 30. Lisiwe juani wala karibu na dirisha, na lisiwekwe meza moja na santrifuji (mashine ya kuzungusha damu) au ukutani penye jenereta. Joto la chumba kati ya 18 na 25. Huko Bukavu mmebarikiwa. Sisi hapa mwezi wa kumi chumba kinapita 30 na VS zote zinapanda. Soma kwenye dakika 60, si "karibu saa moja". Kiputo cha hewa au kidonge cha damu iliyoganda, tupa uanze upya.

Mpaka wa kawaida kwa umri, kwa milimita ndani ya saa: mwanaume gawanya miaka kwa mbili, mwanamke ongeza kumi kisha gawanya kwa mbili. Mama wa miaka 72 anaruhusiwa 41, baba wa umri huo 36. Horton kwa kawaida inapita 50, mara nyingi iko karibu na 100.

Lakini soma VS pamoja na hemoglobini. Upungufu wa damu unaipandisha peke yake. Siko sel (selimundu) inaishusha, kwa sababu chembe zenye umbo la mundu hazipangani kama sahani. Na msisahau kwamba kwetu VS ya 100 ina baba wengi: kifua kikuu, VVU, usaha uliojificha, na kwa mzee mwenye maumivu ya mifupa, saratani ya uboho.

CRP (protini ya damu inayopanda penye uvimbe) mkiipata ni bora zaidi. Kuanzia miligramu 10 kwa lita inahesabika. Ile ya lateksi ya matone ina mtego mmoja. CRP ikiwa juu sana, chembe za lateksi hazishikani na kipimo kinatoka safi. Mkishuku, rudieni na serumu iliyochanganywa na maji ya chumvi moja kwa kumi. Plateleti (chembe za kugandisha damu) zikipita 400,000 nazo zinaunga mkono.

Bwana Mashaka

Waganga, tusiwatishe watu. Horton Afrika ni nadra. Tukianza kumpa kila mzee wa kichwa vidonge 12 vya kortizoni, tutaua wengi kwa kisukari na kifua kikuu kuliko tutakaowaokoa macho.

Daktari wa magonjwa ya ndani (Goma)

Nusu ya maneno yako naichukua. Hatumpi kila mzee wa kichwa. Kichwa peke yake na VS ya 45 hakitoshi; tansiyo, miwani mibaya, shingo iliyochakaa na sinizi vinabaki mbele. Ninayemtibu bila kungoja ni mwenye zaidi ya miaka 50, kichwa kipya, na VS au CRP iliyopanda, pamoja na angalau kimoja kati ya hivi: taya linalochoka, ngozi ya kichwa inayouma, ateri iliyobadilika, jicho lenye shida. Penye dalili ya jicho, hata VS siingoji. Wagonjwa wachache, kama 4 kati ya 100, wana VS na CRP za kawaida zote mbili. Zile alama za mwaka 2022 za kuhesabu nani ana Horton (biyopsi, yaani kipande cha ateri kilichokatwa na kupimwa, ikionyesha ugonjwa 5, VS ya 50 kwenda juu 3, taya 2, na kadhalika, ukifika 6 unahesabiwa) ni nzuri kwa kupanga mawazo, lakini zilitengenezwa kwa ajili ya utafiti. Usimnyime mtu dawa kwa sababu amepata 5.

Nusu nyingine siikubali. Daktari Horton aliueleza mwaka 1932 akiwa Mayo Clinic, Marekani, na kabla yake daktari Mwingereza Hutchinson, mwaka 1890, alieleza mzee aliyeshindwa kuvaa kofia kwa sababu ya michirizi myekundu inayouma kichwani. Hesabu nyingi zilizofuata zilitoka Skandinavia na Minnesota, kwa hiyo vitabu vikajaa Wazungu. Utafiti wa Baltimore (Marekani) uliochapishwa 2019 ulilinganisha Weusi na Wazungu wa hospitali moja, na viwango vikakaribiana. Pasipo biyopsi, pasipo mtu wa kuuliza habari za taya, ugonjwa utaonekana nadra tu. Na wazee wetu wanaongezeka.

Muuguzi wa Kadutu (Bukavu)

Aksanti sana Dokta, na wewe wa labo (bomba letu liko juu ya meza ya santrifuji, nalihamisha leo). Nabaki na kipimo cha dawa. Ni jioni, barabara imekatika kwa mvua, mama anaona viwiliviwili, VS 98. Nampa nini?

Daktari wa magonjwa ya ndani (Goma)

Miligramu 60 za prednisoloni sasa hivi, mara moja, pamoja na chakula. Vidonge 12 vya miligramu 5. Usizigawe asubuhi na jioni, usianze na 20 "tuone kwanza". Asubuhi anapewa tena 60, na anasafiri. Asiye na dalili ya jicho wala taya anaweza kuanza na 40. Aliyekwisha kupoteza kuona, au anayepotelewa na kurudishiwa, hospitali itampa methilprednisoloni ya mshipa miligramu 500 hadi 1,000 kila siku kwa siku tatu, kisha vidonge. Lakini usimkalishe bila dawa akisubiri hiyo flakoni (chupa ya sindano).

Dozi ya kwanza haiharibu uchunguzi. Biyopsi inasoma ugonjwa hata baada ya wiki moja mbili za kortizoni. Ekografi (ultrasound) ndiyo yenye haraka: ile duara nyeusi inayozunguka ateri inafifia ndani ya siku chache, na inataka probu (kichwa cha mashine) ya ateri za juu juu, megahezi 15 kwenda juu. Probu ya tumbo haionyeshi chochote, na ripoti ya "ateri ya kawaida" kutoka kwa probu hiyo usiiamini.

Andika kwenye fishi ya transferi (rufaa) saa ya dozi ya kwanza na VS ya kabla yake. Chukua damu kwanza, halafu dawa.

Kichwa cha Horton kinapungua ndani ya siku moja hadi tatu, mgonjwa mwenyewe anashangaa. Siku ya tano bila mabadiliko, rudi nyuma ufikirie upya. Ila na nafuu nayo isikudanganye kabisa: kortizoni inatuliza kwa muda hata uvimbe wa ubongo.

Farmasi Ibanda (Bukavu)

Naongeza ya kabati. Prednisoloni 5 ni sawa na deksamethasoni 0.75, methilprednisoloni 4, haidrokotizoni 20. Kwa hiyo 60 ya prednisoloni ni deksamethasoni 9. Ampuli zenu ni za miligramu 4: mbili zinatoa 8, ambayo ni kama prednisoloni 53. Kama prednisoloni imeisha usiku huo, choma hizo mbili, kesho tafuta vidonge. Kuendelea na deksamethasoni kwa miezi sikubali, inakaa mwilini muda mrefu na inazima vikali zaidi tezi za juu ya figo zinazotengeneza kortizoni ya mwili. Na mwulize mama bila kumwaibisha kama tayari anameza deksamethasoni za kunenepa zinazouzwa sokoni. Wapo wengi. Hao VS yao na dalili zao zimekwisha kuchafuliwa.

Sasa hesabu ambayo familia haiambiwi. 60 kwa wiki nne ni vidonge 336. Kisha 50 kwa wiki mbili, 140. 40 kwa wiki mbili, 112. 30 kwa wiki mbili, 84. Jumla 672 kwa wiki kumi, na hapo ndiyo kwanza tumefika 20. Baada ya hapo unapunguza 2.5 kila wiki mbili hadi nne mpaka 10, halafu 1 kila mwezi mmoja au miwili. Kazi yote ni mwaka mmoja na nusu, wengine miwili. Ndiyo maana mgonjwa anaacha mwezi wa pili: kichwa kimepona, pesa imeisha. Akiacha ghafla baada ya wiki tatu na zaidi, tezi zimelala. Anaishiwa nguvu, anatapika, tansiyo inaanguka, na watu watasema ni malaria. Heri familia inunue boksi la vidonge 1,000 mara moja kuliko kununua sahani sahani kwa bei ya rejareja.

Shida ya chini ya 10 ni kwamba kidonge cha 1 hakipatikani kirahisi. Kata cha 5 katikati, mpe leo 10 kesho 7.5, wiki nne hivi, kisha 7.5 kila siku. Hiyo si sawa na kumpa siku moja na kuruka siku nyingine. Kuruka siku katika Horton kunarudisha ugonjwa.

Minyoo! Strongiloidesi inaweza kukaa kimya tumboni miaka mingi, kortizoni ikiingia inasambaa mwili mzima na inaua. Ivermektini mikrogramu 200 kwa kila kilo: mtu wa kilo 60 ni vidonge vinne vya miligramu 3, siku mbili mfululizo. Kama mgonjwa ametoka au ameishi misitu ya Tshopo, Ituri au Kongo Central, apimwe kwanza damu ya mchana kutafuta Loa loa (minyoo ya jicho), kwa sababu ivermektini kwa mwenye minyoo mingi ya Loa inaweza kumtia koma. Huyo mpe albendazoli 400 mara mbili kwa siku, siku saba, ingawa ni dhaifu zaidi. Haya yote yafanyike ndani ya wiki ya kwanza, yasicheleweshe dozi ya kwanza.

Glisemi kabla, na tena alasiri, saa nane hadi kumi, maana kortizoni ya asubuhi inapandisha sukari ya alasiri wakati ya asubuhi imelala kawaida. Picha ya kifua na makohozi kama anakohoa, kipimo cha hepatiti B na cha VVU. Aliye kwenye ARV zenye ritonavir amwambie daktari, inazuia ini kuvunja prednisoloni na dozi inakuwa kubwa kuliko iliyoandikwa. Kalsiamu na vitamini D tangu mwanzo, alendronati (dawa ya kulinda mifupa) 70 mara moja kwa wiki kwa mama aliyekoma hedhi. Omeprazoli 20, hasa kama alikuwa anameza diklofenaki. Hiyo diklofenaki aiache.

Mganga wa macho wa Bagira (Bukavu)

Kwa muuguzi asiye na mashine, tochi inatosha. Chumba cha giza, mgonjwa aangalie mbali, mulika jicho moja sekunde tatu, hamia la pili sekunde tatu, rudi. Mboni ya jicho bovu badala ya kusinyaa inapanuka taa inapolifikia. Mshipa wa fahamu umeumia, hata kama mgonjwa anasema "naona kidogo". Funika jicho moja moja umhesabishe vidole kwa mita moja, tatu, sita, na uandike namba. Neno "haoni vizuri" halimsaidii anayepokea. Mwenye oftalmoskopu ataona kichwa cha mshipa kimevimba na kuwa cheupe kama chaki. Na msiseme mtoto wa jicho kwa mzee kila mara: mtoto wa jicho haumzimii mtu jicho kwa siku moja.

Muuguzi wa Kadutu (Bukavu)

Nimeelewa. La mwisho: huyo wa biyopsi anahitaji nini kutoka kwetu?

Mpasuaji (Lubumbashi)

Upande unaouma zaidi, uandikwe. Kama amewahi kupata AVC (kiharusi), uniambie, kwa sababu kwa wachache ateri ya panja ndiyo inayolisha ubongo badala ya ile iliyoziba shingoni. Dawa za kulainisha damu, jina na dozi.

Kwangu: nachora njia ya ateri kwa kalamu kabla ya lidokaini, maana sindano ikiingia mpigo hausikiki tena. Nakata ndani ya mstari wa nywele, juu ya usawa wa nyusi na mbali nao, nisiguse neva inayoinua nyusi. Sentimita 1.5 hadi 2, si pungufu ya 1 baada ya formalini kuikunja. Ugonjwa unaruka sehemu, kipande kifupi kinatoka safi na ugonjwa uko pembeni yake, kwa hiyo biyopsi safi haiondoi Horton kwa mgonjwa ambaye dalili zake zimesema. Formalini ya 10%, chupa yenye mdomo mpana, kipande kisibanwe na koleo. Kwenye chupa mnaandika umri, VS, na tarehe ya kidonge cha kwanza; bila tarehe hiyo anayesoma kioo hawezi kujua kama anatazama ateri nzima au ateri iliyokwisha kutibiwa wiki tatu.